Data Iliyokatika Si Data Iliyokwisha

Mwisho wa ingizo una maana mbili kwa maktaba ya kusimbua data. Huenda ujumbe umekamilika. Huenda pia umekatika njiani, mtandao ulipoanguka au faili lilipoandikwa nusu. Maktaba inayotoa jibu moja kwa hali zote mbili humnyima mtumiaji haki ya kujua kama alichopokea ni kizima.

Lugha ya Go imeitambua tofauti hiyo. Kitendaji io.ReadFull hurudisha EOF (mwisho wa ingizo) pale tu ambapo hakuna hata baiti moja iliyosomwa. Zikisomwa baadhi na nyingine zikakosekana, hurudisha ErrUnexpectedEOF. Hata hivyo, hapo ndipo hitilafu hujificha. Katika muundo wa CBOR, baiti 0x19 hutangaza kwamba namba ya baiti mbili inafuata. Ingizo likiishia kwenye 0x19, ReadFull inayotafuta baiti hizo mbili haipati kitu, nayo kwa haki yake husema EOF. Maktaba ikilipitisha jibu hilo lilivyo, programu inayosoma rekodi moja baada ya nyingine hudhani rekodi zimekwisha, na kufunga kazi bila onyo. Katika hesabu za malipo, huko ni kupoteza fedha za watu.

Marekebisho yafanyike ndani ya kisimbuzi, wala si kwa mtumiaji. Mara baiti ya kwanza ya kipengele inaposomwa, kila EOF inayofuata igeuzwe kuwa ErrUnexpectedEOF, hata ndani ya safu: 0x83 huahidi vipengele vitatu, na viwili havitoshi. EOF tupu ibaki kwa mpaka kati ya ujumbe na ujumbe. Urefu uliotangazwa nao usiaminiwe kabla ya kuhakikiwa, kwa kuwa baiti tano tu zinaweza kudai mfuatano wa karibu GB 4.

Jaribio la lazima ni rahisi: kila sampuli sahihi ikatwe baada ya kila baiti, isipokuwa ya mwisho, na kila kipande kitoe kosa la kukatika. RFC 8949 ya mwaka 2020, inayofafanua CBOR, ina mifano ya data pungufu inayofaa kuanzia.

Zipo programu zilizokwisha kuitegemea EOF ya zamani. Wasanidi wake wana haki ya kuarifiwa, hivyo badiliko hili litajwe waziwazi katika maelezo ya toleo, pamoja na hali zilizoathirika.