Programu ya kuandikisha watu: inazaliwa wapi, na sisi tuseme lini?

Siku hizi mtumishi wa shirika anapokuja kuandikisha familia zilizohama, mara nyingi hashiki tena daftari. Anashika simu yenye programu ndani. Wazee wa kamati hapa Bukavu hutuuliza: "Programu ikikosea, tumlalamikie nani, na wakati gani?" Ili kujibu, tujue kwanza njia ambayo programu inapita.

Wataalamu wanaiita mzunguko wa maisha ya programu. Watu wanaulizwa mahitaji yao. Mafundi wanachora mpango: habari gani zitaandikwa, zitawekwa wapi, nani ataruhusiwa kuziona. Kisha wanaiandika kwa lugha ya kompyuta, wanaijaribu, wanaipeleka kwa watumiaji, na wanaitunza mpaka siku itakapofungwa. Ni mzunguko kwa sababu malalamiko ya watumiaji hurudi mwanzoni na kuwa mahitaji mapya.

Hatua ya kwanza ndiyo inayotuumiza zaidi. Niliona fomu moja ya simu iliyodai namba ya kadi ya mpiga kura. Bila namba, haikuendelea mbele. Akina mama waliokimbia usiku hawakuwa na kadi. Waandikishaji wakawaonea huruma, wakajaza sifuri tupu. Kumbe programu ilikuwa imeagizwa kufuta watu walioandikwa mara mbili, nayo ilimtambua mtu kwa namba ile ile. Familia zote za sifuri zikahesabiwa kuwa mtu mmoja! Siku ya mgao majina hayakuonekana. Maneno yakaanza: kamati imeuza nafasi, kabila fulani limependelewa. Majirani waliokuwa wakigawana maji wakaacha kusalimiana. Hakuna aliyeuza kitu. Kosa lilizaliwa pale ambapo hakuna aliyemwuliza hata mama mmoja, "Ulitoka nyumbani na karatasi gani?"

Sasa, mafundi hawafuati njia moja tu. Kuna ile inayoitwa maporomoko ya maji: hatua moja inamalizika ndipo nyingine inaanza, kama maji yasiyorudi juu. Mmarekani Winston Royce aliieleza katika andiko lake la mwaka 1970, lakini watu husahau kwamba yeye mwenyewe alionya kuwa kungoja mpaka mwisho ndipo ujaribu ni hatari. Wafadhili wengi wanaipenda, nadhani kwa sababu bajeti na tarehe zinaandikwa mapema. Inafaa pale ambapo mahitaji yanajulikana na hayabadiliki. Kwa watu wanaohama kila mara, sioni kama inafaa.

Njia nyingine ni ya kidogo kidogo. Mwaka 2001 wataalamu 17 walikutana Utah, Marekani, wakaandika tamko la kuitetea: tengeneza sehemu ndogo inayofanya kazi, wape watumiaji, wasikilize, sahihisha, rudia. Mfano wa karibu nasi ni Ushahidi ya Kenya. Ghasia zilipolipuka baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, kikundi kidogo cha Wakenya na rafiki zao kilitengeneza kwa siku chache, Januari 2008, ukurasa wa kupokea habari za ghasia na kuzionyesha kwenye ramani. Waliendelea kuuboresha, na Novemba mwaka huo ulitumika kwa habari za vita vya mashariki mwa Kongo.

Hata hivyo, kidogo kidogo si ruhusa ya kufanya majaribio kwa usalama wa watu. Ulinzi wa majina uwepo kabla ya jina la kwanza kuandikwa, na utunzaji usikome. Januari 2022 Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu ilitangaza kwamba wavamizi wa kompyuta wamefikia habari za watu zaidi ya 515,000, wakiwemo waliotenganishwa na jamaa zao. Baadaye ilieleza wazi kwamba waliingia kupitia tundu ambalo kiraka chake hakikuwekwa kwa wakati. Ikiwa shirika kubwa hivyo lilipatwa, je, vyama vyetu vidogo? Sisi tuliokuwa hapa Februari 2025, mji ulipochukuliwa na M23, hatuhitaji kuelezwa kirefu hatari ya orodha yenye majina na vijiji kuangukia mtu asiyehusika.

Kwa mazungumzo katika kamati: Kabla ya uandikishaji ujao, mwombeni mtumishi ajaze fomu mbele yenu kwa familia tatu: isiyo na kadi, inayolala kwa mwenyeji, na ya mtoto anayelea wadogo zake. Fomu inakwama wapi? Nani mwingine ataona majibu? Na mradi ukiisha, nani atayafuta, na mtajuaje kwamba yamefutwa?