Kuchagua Samaki wa Tangi la Maji ya Bahari Nyumbani

Katika kata zetu za mwambao, tangi la kioo lenye samaki wa rangi si jambo geni tena. Huonekana katika nyumba za wageni, katika migahawa, na siku hizi hata sebuleni mwa wakazi wa kawaida. Swali linaloulizwa mara kwa mara katika dawati la uvuvi ni moja: mbona samaki hawa hufa ndani ya mwezi mmoja, ilhali maji yametekwa baharini na wao wenyewe wamevuliwa papa hapa? Aghalabu kosa halimo katika bahari wala katika kioo, bali katika uteuzi. Mnunuzi huteua kwa rangi, na kwa udogo wa samaki amwonao ndooni siku ile. Yampasa kuteua kwa mambo matatu ambayo ndoo haiyaonyeshi: ukubwa ambao samaki ataufikia, chakula anachokula, na namna anavyoishi na jirani yake.

Somo hili lahusu tangi la ukubwa wa wastani, yaani lenye urefu wa sentimeta 120, upana wa 50 na kina cha 50. Hesabu yake ni lita 300, lakini mchanga na mawe yakishaingia, maji halisi hubaki kama lita 250. Uzito wote waweza kukaribia kilo 400, kwa hiyo meza ya kawaida haifai; liwekwe juu ya msingi wa matofali au fremu ya chuma. Tangi hili laonekana kubwa kwa macho. Kwa samaki wa mwambani aliyezoea eneo pana la kutembea, ni chumba kimoja.

Kabla ya samaki, maji. Yatekwe wakati wa maji kujaa, mbali na mlango wa mto na mbali na mifereji ya mji, wala yasitekwe siku za masika makubwa, kwani mvua huyapunguza chumvi na kuyatia tope. Yachujwe kwa kitambaa safi, yaachwe yatulie. Mawe yasivunjwe baharini: kuvunja matumbawe hai ni kosa kisheria, na hayahitajiki. Jiwe kavu la tumbawe lichimbwalo nchi kavu kwa ajili ya ujenzi, likisuguliwa, likaoshwa na kulowekwa siku kadhaa, latosha kabisa kuwajengea samaki mapango yao.

Tangi jipya halipokei samaki siku hiyohiyo. Kinyesi na mabaki ya chakula huzaa amonia, ambayo ni sumu. Bakteria wa aina moja huigeuza kuwa nitriti, nayo ni sumu. Wengine huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki huivumilia ikiwa kidogo. Bakteria hao huchukua wiki nne hadi sita kuzaliana juu ya mawe na mchanga. Tia kipande kidogo cha kamba mbichi ndani ya tangi ili wapate cha kuanzia, washa pampu, kisha subiri. Vipimo vya maji vikionyesha kwamba amonia na nitriti zimekwisha, tangi limekomaa. Wale wanaolalamika kwamba samaki wote walikufa ndani ya juma la kwanza, wengi wao waliiruka hatua hii.

Sasa tuje kwenye uteuzi wenyewe. Kwa lita 250, kadiria kwamba jumla ya urefu wa samaki wote, wakiwa wamekwisha kukua, isizidi sentimeta 50 hivi. Hiyo ni takriban samaki watano wadogo. Wengi hukunja uso wakisikia hivyo, kwa kuwa walikwisha kuona picha za matangi yenye samaki thelathini. Lakini hesabu hii ndiyo inayowaweka samaki hai.

Udanganyifu mkubwa wa ndoo ni umri. Mtazame Pomacanthus imperator, mmoja wa jamii ya kitatange. Akiwa mchanga ni wa buluu iliyokoza, mwenye mistari myeupe inayozunguka kama mawimbi ya jiwe lililotupwa majini. Hakuna mtoto asiyemtaka. Akikua huvaa mistari ya njano, hufikia sentimeta 40, na huchokonoa kila kitu. Ndivyo ilivyo kwa yule samaki bapa mwenye mapezi marefu ambaye baadhi ya wavuvi humwita tuguu: akiwa mdogo huelea kama jani la mkoko lililokauka, na akiwa mkubwa hupita nusu mita. Kangaja nao, hasa yule wa buluu hafifu mwenye pezi la njano mgongoni, ni mwogeleaji wa mbali. Hufikia sentimeta 23, na tangi la sentimeta 120 humtia wasiwasi hadi akaugua. Samaki hawa wabaki mwambani.

Chakula ni mtego wa pili. Miongoni mwa vitatange wadogo wa miamba yetu wamo wasiokula ila nyama ya matumbawe hai. Chaetodon trifascialis na Chaetodon trifasciatus ni wa namna hiyo. Utawawekea kamba, dagaa, mwani. Watazungukazunguka bila kuonja, na baada ya wiki chache matumbo yameingia ndani. Si ugonjwa, ni njaa. Kwa hiyo liko sharti moja ambalo mnunuzi asione haya kulitoa: samaki ale mbele yangu kabla sijalipa. Muuzaji mwaminifu hatakasirika.

Mtego wa tatu ni jirani mbaya. Chewa, hata akiwa wa kidole kimoja, ni mdomo unaongoja kukua. Kila atakayeingia mdomoni mwake ataliwa usiku. Kikande hung'ata mapezi ya wenzake na hata nyaya za pampu. Mkunga hupenya kwenye mwanya wowote na kukutwa sakafuni alfajiri. Samaki mwenye umbo la sanduku, akitishwa au akifa, hutoa sumu inayoweza kuua tangi zima. Samaki simba mwenye miiba kama manyoya ni mzuri wa kutazamwa, lakini miiba yake ina sumu yenye maumivu makali, na nyumba yenye watoto haimfai. Aliyechomwa atumbukize kiungo katika maji ya moto ya kiasi kinachovumilika bila kuunguza, kisha apelekwe zahanati.

Ipo pia hila ya yule mweusi mwenye madoa matatu meupe, Dascyllus trimaculatus. Huvuliwa kwa urahisi, huuzwa rahisi, hafi upesi, na kwa sababu hizo hupendekezwa kwa wanaoanza. Mimi simpendekezi hata kidogo. Akikomaa hufikia sentimeta 14, hulimiliki tangi zima kana kwamba ana hati, na kila mgeni atakayeletwa baadaye atapigwa.

Basi nani afaaye? Wa kwanza kufikiriwa ni samaki wa anemoni. Yule wa rangi ya machungwa mwenye mistari mitatu myeupe, aliyepata umaarufu kwa filamu za watoto, si mzawa wa mwambao wetu. Asili yake ni mashariki ya Bahari ya Hindi na magharibi ya Pasifiki. Sisi tunao wetu. Amphiprion akallopisos, mwenye rangi ya waridi na machungwa na mstari mmoja mweupe mgongoni, ni mpole na hazidi sentimeta 11. Amphiprion allardi, wa hudhurungi mwenye mistari miwili myeupe na mkia mweupe, ni mzuri vilevile, ila ni mkubwa kidogo na mkali zaidi. Chukua wawili wa aina moja, mmoja mkubwa na mwingine mdogo. Samaki hawa wote huanza maisha wakiwa madume, na mkubwa kuliko wote katika kikundi ndiye hugeuka kuwa jike. Ukichukua wawili wasiolingana, watajipanga wenyewe kuwa mume na mke bila vita virefu. Wala usimng'oe anemoni baharini kwa ajili yao: anahitaji mwanga mkali na tangi lililokomaa kwa miezi mingi, na akifa huyaharibu maji yote. Samaki hawa huishi vizuri bila yeye na hujitwalia pembe ya jiwe kuwa nyumba.

Wa tatu awe Salarias fasciatus, samaki wa madoadoa ya hudhurungi mwenye uso wa mzee na vijembe viwili juu ya macho. Hufikia sentimeta 14, hukaa juu ya jiwe na kukwangua ukoka wa kijani kutwa nzima. Rangi hana, lakini nimewaona watoto wakimsahau kila samaki mwingine kwa ajili yake. Apewe tangi ambalo limekwisha kuota ukoka, na mwani wa nyongeza, la sivyo atakonda. Wa nne ni Nemateleotris magnifica, mwembamba, mweupe mbele na mwekundu wa moto nyuma, asiyezidi sentimeta 9. Ni mwoga na hana ugomvi, ila akishtuka huruka, kwa hiyo tangi lifunikwe kwa wavu wenye matundu madogo. Wa tano aweza kuwa Chromis viridis wa kijani kibichi, wa sentimeta 8 hivi. Baharini huishi makundi kwa makundi, lakini katika tangi la kadiri hii kundi huanza kuuana mmoja baada ya mwingine, mmoja atosha.

Waingizwe mmoja mmoja, kwa nafasi ya wiki mbili au tatu, mwoga akitangulia na samaki wa anemoni wakifunga mlango. Anayetangulia kuingia ndiye anayejiona mwenyeji. Kila mgeni akae kwanza katika chombo cha pembeni kwa wiki nne, maana ugonjwa wa vidoa vyeupe ukiingia tangini hautoki kwa urahisi.

Unapomkagua samaki, tazama macho yawe maangavu, mapezi yawe mazima, na pumzi isiwe ya haraka. Anayeelea kichwa chini au anayeshindwa kushuka yumkini alipandishwa kutoka kilindini kwa haraka mno. Muulize pia mvuvi alitumia nini. Samaki aliyelevywa kwa utupa huonekana mzima siku ya kwanza, kisha hufa bila sababu inayoonekana. Na uvuvi wa sumu ni marufuku. Samaki aliyekusanywa kwa wavu mdogo wa mkono ndiye wa kununua. Anayevua kwa biashara anatakiwa awe na leseni chini ya Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003, na katika maeneo tengefu, kama yale ya visiwa vya Mbudya na Bongoyo, samaki hawavuliwi kabisa, hata awe mmoja wa kupamba sebule.

Kuhusu matunzo ya kila siku, mambo ni machache. Maji yanapopungua kwa joto, chumvi haipungui. Jazia maji baridi yasiyo na chumvi, wala usijazie ya bahari. Kipimo cha chumvi kisome karibu na 1.025. Chakula kiwe kidogo mara mbili kwa siku, kiasi cha kumalizwa ndani ya dakika mbili. Umeme ukikatika, hewa ndiyo huisha kwanza. Pampu ndogo ya betri ni kifaa cha lazima, si anasa.

Limebaki jambo la samaki aliyeshindikana. Mkazi humhurumia, akampeleka ufukweni na kumwachia. Asifanye hivyo, hata kama samaki ni wa bahari hiihii, kwa sababu huenda amebeba maradhi ya wenzake wa tangini kutoka mbali. Na akiwa mgeni, madhara ni makubwa zaidi. Samaki simba, wa aina mbili, mojawapo ikiwa ni ya Bahari yetu ya Hindi, walionekana katika pwani ya Florida, Marekani, kuanzia mwaka 1985. Inaaminika kwamba waliachiwa kutoka matangi ya nyumbani. Leo wameenea katika Karibi yote, wakila samaki wachanga wa miamba ambao hawakuwahi kumjua adui wa namna hiyo. Anayemiliki samaki asiyemtaka tena awasiliane na Afisa Uvuvi wa kata yake, akiwa na jina la samaki, urefu wake na vipimo vya tangi, ili atafutiwe mwenye tangi kubwa zaidi.