Huruma ya Siku 35

Wahenga walisema wema hauozi. Sisi wanachama wa Chama cha Kiswahili si wa kubishana na wahenga. Hata hivyo, hebu tuwaombe radhi kidogo, kwa maana uko wema mmoja ambao huoza, tena huoza kwa kalenda. Ukiuweka katika friji ya hospitali, siku 35 zikipita unatupwa. Wema huo ni chupa ya damu.

Somo letu la mwaka huu ni huruma. Tutaanza na maneno yenyewe kama ilivyo ada ya chama, kisha tutazame jinsi huruma inavyofanya kazi hapa kwetu Embu, Tharaka-Nithi na Meru. Hoja yetu ni moja tu: huruma iliyo bora si ile inayoamshwa na mayowe, bali ile inayokuwa tayari kabla mwenye shida hajapiga yowe.

1. TUANZE NA MANENO

Watu wengi huchanganya huruma, wema na ukarimu. Huruma ni hali ya moyo: unaona uchungu wa mwenzako nawe unaguswa. Wema ni tendo linalofuata. Ukarimu ni ule mkono mwepesi wa kutoa, hasa kwa mgeni. Juu ya yote hayo kuna utu, yaani sifa ile inayomtenga mtu na mnyama.

Sasa angalia jambo hili. Mtu anaweza kuwa na huruma tele asiwe na wema hata kidogo. Anaona mwanafunzi wa kidato cha kwanza amekaa peke yake nyuma ya bweni, analia. Anasema, "Maskini, pole!" kisha huyoo, anakwenda zake maankuli kuwahi foleni. Amehurumia, lakini yule mtoto amebaki vile vile alivyokuwa. Ndiyo sababu wahenga hawakusema "Hurumia nenda zako." Walisema, "Tenda wema nenda zako."

Methali nyingine yasema, "Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri." Neno usambe lina maana ya usiseme. Yaani, usiseme kwamba mpaka uwe tajiri ndipo utoe. Methali hii itatufaa sana huko mbele, kwa maana tutazungumzia kitu ambacho maskini na tajiri wanacho sawasawa.

2. DAMU NZITO KULIKO MAJI?

Tunapenda kusema damu ni nzito kuliko maji, tukiwa na maana kwamba ndugu yako ndiye wa kwanza. Ni kweli, lakini wazee wetu hawakuishia hapo. Walijua kwamba mtu anaweza kuwa safarini, mbali na kwao, akapatwa na shida mahali asipokuwa na shangazi wala mjomba. Atafanyaje?

Wameru walikuwa na jibu, nalo ni gichiaro. Neno hilo linatokana na kuzaa. Watu wa koo mbili au sehemu mbili ambao hawakuzaliwa pamoja walifunga udugu kwa kiapo, wakawa kama waliozaliwa nyumba moja. Aliyekuwa wa gichiaro chako hukuweza kumdhuru, na alipokuomba jambo ilikuwa vigumu mno kumnyima, maana kuvunja udugu huo kulileta laana. Nako pwani, Waswahili walikuwa na undugu wa kuchanjiana. Watu wawili walichanjwa chale, damu ya huyu ikawa ya yule, na kuanzia hapo shida ya mmoja ni ya wote wawili.

Basi, ndugu msomaji, kuchangia damu ni gichiaro cha siku hizi, ila tofauti ni moja kubwa. Katika gichiaro ulimjua ndugu yako. Katika chupa ya damu humjui, naye hatakujua kamwe. Hakuna wa kukushukuru sokoni. Ama kweli huo ndio "tenda wema nenda zako" ulio kamili!

Sayansi nayo inatuunga mkono. Mwaka 1901 daktari mmoja wa Vienna huko Austria, Karl Landsteiner, alieleza kwamba damu za binadamu si za aina moja. Kutokana na kazi yake tunayo makundi tunayosoma katika Biolojia: A, B, O, na AB lililoongezwa mwaka uliofuata. Makundi hayo hayafuati kabila, dini wala ukoo. Ndugu wawili wa tumbo moja wanaweza kuwa na makundi tofauti, huyu ashindwe kumwongezea yule damu, halafu mtu wa mbali kabisa wasiyemjua akafaa. Hapo ndipo utajua kwamba damu haina haja ya kuuliza unatoka wapi. Siku ya kuzaliwa ya Landsteiner, tarehe 14 Juni, ndiyo Siku ya Wachangiaji Damu Duniani tangu mwaka 2004.

3. SIKU YA MSIBA NA SIKU YA KAWAIDA

Kila anayesafiri kati ya Embu na Meru anajua daraja la mto Nithi. Barabara inateremka kwa kona na mteremko mkali, na abiria wengi hukaa kimya mpaka gari lipande ng'ambo ya pili. Mnamo tarehe 24 Julai 2022, jioni, basi lililotoka Meru likielekea Mombasa lilitumbukia bondeni hapo. Watu zaidi ya 30 walifariki. Wenyeji wa vijiji vya jirani walikuwa miongoni mwa waliofika kusaidia, wakateremka katika bonde lile kuwatafuta watu ambao hawakuwajua hata majina.

Huo ni utu, nasi tunawavulia kofia. Kadhalika, bomu lilipolipuka Nairobi tarehe 7 Agosti 1998, na watu zaidi ya 200 wakapoteza maisha yao, Wakenya walipiga foleni kutoa damu. Hakuna aliyeuliza damu yake itamfikia nani. Ni baada ya mkasa ule ndipo nchi yetu ilipoanza kujenga mpango wa taifa wa kukusanya damu, wenye vituo vya kanda. Kimojawapo cha vituo hivyo kiliwekwa hapa hapa Embu.

Lakini tuseme ukweli. Majeruhi wa saa mbili usiku haokolewi na damu ya kesho. Anaokolewa na damu iliyotolewa wiki iliyopita, ikapimwa, ikawekwa kwenye friji. Damu mpya lazima ipimwe virusi vya UKIMWI, homa ya ini aina ya B na C, na kaswende, na kupima huchukua muda. Kwa hiyo mtu wa kwanza kumsaidia majeruhi ni yule aliyelala mkono kitandani, tuseme Jumanne moja isiyo na habari yoyote, akatoa damu na kurudi darasani kwa somo la Hesabu.

Tena wagonjwa wengi wanaohitaji damu hawaandikwi magazetini. Ni mama anayevuja damu baada ya kujifungua, na katika nchi yetu kuvuja huko ni mojawapo ya sababu kubwa za vifo vya akina mama wazazi. Ni mtoto mdogo wa nyanda za joto za Mbeere au Tharaka ambaye malaria imemmaliza damu. Ni mgonjwa wa saratani, ni mtu anayefanyiwa upasuaji. Wapo Embu, wapo Chuka, Chogoria, Nkubu, Meru na Maua, leo hii unaposoma jarida hili.

Mara nyingi hospitali huwaomba jamaa za mgonjwa warudishe damu iliyotumika. Ni utaratibu wa kueleweka, lakini je, abiria ambaye jamaa zake wote wako Mombasa? Je, yatima? Hapo ndipo tunarudi kwa wazee wetu na gichiaro chao.

4. HEBU TUPIGE HESABU

Kipimo kinachotumiwa mara nyingi, kutoka Shirika la Afya Ulimwenguni, ni kwamba kwa mahitaji ya kimsingi nchi ikusanye angalau chupa moja ya damu kwa mwaka kwa kila watu 100. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 1,545,714 katika kaunti ya Meru, 608,599 Embu na 393,177 Tharaka-Nithi. Jumla ni watu 2,547,490. Gawanya kwa 100, unapata chupa zaidi kidogo ya 25,000 kwa mwaka. Gawanya tena kwa siku 365, unapata chupa 70 hivi kila siku.

Sabini kila siku, si sabini siku ya ajali tu! Wala huwezi kukusanya 25,000 mwezi wa Januari ukastarehe, kwa sababu ya zile siku 35. Friji ya damu ni kama mtungi wa maji ya kunywa. Aliyeteka jana amefanya vyema, lakini leo lazima mwingine ateke.

Na ni nani hasa wanaoteka? Kwa miaka mingi nchini Kenya, wachangiaji wakubwa wamekuwa wanafunzi wa sekondari. Shule zilipofungwa mwezi wa Machi 2020 kwa sababu ya korona, ukusanyaji wa damu ulipungua sana. Hata katika likizo za kawaida hali huwa hivyo hivyo. Disemba tunarudi makwetu, barabara zinajaa magari, na friji za damu zinapungukiwa. Sisi tunaoambiwa ni watoto, tusiokuwa na mshahara wala shamba, kumbe ndio tunaolisha hospitali! Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri.

5. "ETI" NA MAJIBU YAKE

Wahudumu wakija shuleni, maneno huwa mengi mabwenini. Tuyajibu.

(a) "Eti damu hunywewa na watu fulani." Hadithi hii ni kongwe. Katika enzi za ukoloni, watu wa Nairobi na miji mingine ya Afrika Mashariki walinong'onezana kwamba wazimamoto huwakamata watu usiku na kuwanyonya damu. Pwani waliwaita mumiani. Watu waliotawaliwa kwa nguvu walikuwa na sababu nzuri ya kuogopa wakubwa wao. Sisi leo tunaweza kwenda kituoni mchana tukaulize na kujionea.

(b) "Eti nitaishiwa." Mtu mzima ana damu lita tano hivi. Hutolewa mililita 450, ambayo haifiki hata sehemu moja ya kumi. Majimaji ya damu hurudi kwa siku moja au mbili, na chembe nyekundu kwa wiki kadhaa. Ndiyo maana wavulana husubiri miezi mitatu kabla ya kutoa tena, na wasichana minne.

(c) "Eti majibu ya vipimo yatatangazwa gwarideni." La hasha! Majibu ni siri kati yako na wahudumu.

(d) "Eti damu yetu inauzwa." Damu iliyotolewa kwa hiari si bidhaa. Akitokea mtu akaiuza, huyo ni mwizi na ashtakiwe. Lakini tusimwadhibu mgonjwa kwa kosa la mwizi.

6. NANI ATOE, NA ASIYEWEZA AFANYEJE?

Mchangiaji awe na umri wa miaka 16 hadi 65, uzito wa kilo 50 au zaidi, na awe na afya njema na damu ya kutosha. Aliye chini ya miaka 18 azungumze na wazazi wake kwanza, halafu afuate masharti ya wahudumu. Siku hiyo ale vizuri na anywe maji ya kutosha. Zaidi ya yote, aseme ukweli anapoulizwa maswali ya afya. Mtu anayeficha ugonjwa ili aonekane shujaa hajamhurumia mgonjwa hata kidogo.

Je, wewe uliyepimwa ukakosa kilo moja? Au mwenye ugonjwa unaokuzuia? Usione haya, wala asikucheke mtu. Na wewe usimcheke anayeogopa sindano. Kuna kazi nyingi: mshike mkono mwoga, mletee maji aliyetoka kutoa damu, na akisikia kizunguzungu mlaze chini umwinulie miguu. Mkiwa barabarani ajali ikatokea, bonyeza kitambaa safi juu ya jeraha linalovuja, piga simu kuomba msaada, na usimvute ovyo aliyeumia shingo isipokuwa kuna hatari ya moto au maji. Na wakitokea wale wanaokimbilia mifuko ya majeruhi badala ya majeraha yao, uwe wewe wa kupaza sauti.

Na yule wa kidato cha kwanza nyuma ya bweni? Huyo hahitaji chupa ya damu. Anahitaji mtu aketi naye dakika kumi, foleni ya maankuli iende ikirudi. Moyo unaoweza kupoteza dakika kumi kwa ajili ya mtoto asiyemjua ndio huo huo utakaolaza mkono kitandani kwa ajili ya mgonjwa asiyemjua.

Wahenga hawakukosea basi. Wema hauozi, mradi kila siku 35 zikipita, awepo mwingine wa kuuanza upya.

ZOEZI

1. Eleza tofauti kati ya huruma, wema na ukarimu. Toa mfano mmoja wa kila neno kutoka hapa shuleni.

2. "Damu ni nzito kuliko maji." Jadili methali hii ukizingatia gichiaro na makundi ya damu.

3. Ikiwa kaunti ya Embu ina watu 608,599, inahitaji chupa ngapi za damu kwa mwaka? Kwa wiki moja je?

4. Andika mazungumzo kati ya mwanafunzi anayetaka kutoa damu na nyanya yake anayeogopa. Hakikisha nyanya anajibiwa kwa heshima na adabu.