OKAPI: NENO LA KWETU, POINTI 16



Wale kati yetu wanaopenda mchezo wa Scrabble wa Kifaransa wanajua ya kuwa «okapi» ni neno la faida. Tuhesabu pamoja: O 1, K 10, A 1, P 3, I 1. Jumla ni pointi 16 kwa herufi tano tu. Ukiongeza S ya wingi, unapata 17. Lakini neno hili limetoka wapi? Na ile K, sababu gani iko na pointi 10?

1. Asili ya neno

Okapi ni nyama wa pori. Siku hizi anaishi katika inchi yetu tu, zaidi katika msitu wa Ituri. Miguu yake iko na mistari kama punda milia, lakini yeye ni ndugu wa twiga. Watu wa msitu walimujua tangu zamani. Wambuba wanamwita okapi. Walese wanamwita o'api, bila K: pale katikati sauti inakatika kidogo kooni.

Mwingereza Harry Johnston alisikia jina hilo upande wa Semliki, akatuma vipande vya ngozi London. Mwaka 1901 wataalamu walidhani kwanza ni jamaa ya farasi. Nyuma, walipopata mafuvu ya kichwa, wakaona ni jamaa ya twiga, wakaandika Okapia johnstoni. Jina la Johnston likafuata nyuma, lile la msitu likabaki mbele.

Sasa angalieni: kama wangeandika kama Walese, «oapi» ingepata pointi 6 tu. Zile 10 zote zinatoka kwa K.

2. Bei ya K

Mchezo huu ulitungwa na Mumarekani Alfred Butts, katika miaka ya 1930. Alihesabu herufi katika magazeti: herufi inayoonekana mara nyingi akaipa bei ndogo, ile ya shida akaipa bei kubwa. Kila luga iko na hesabu yake. Kwa Kiingereza K ni pointi 5, na okapi ni 11. Kwa Kifaransa K ni 10, maana Wafaransa hawana kazi nyingi nayo. Sanduku lao lina K moja tu!

Linganisheni:
– Mon frère achète un gros livre: hakuna K hata moja.
– Kaka ananunua kitabu kikubwa: K tano.

Kumbe K yetu ni kama mihogo sokoni: ni rahisi kwa sababu iko mingi.

Wenzetu wengine husema luga za kwetu hazina bei. Bei gani? Pointi hazipimi uzuri wa luga wala akili ya wasemaji. Zinapima tu herufi gani ni haba katika luga ya yule aliyehesabu. Watu wa msitu walikuwa na neno lao mbele ya mchezo kuzaliwa, na leo kamusi za Kifaransa na za Kiingereza zinaliandika.

3. Zoezi

Chukueni ukurasa mmoja wa Kiswahili, muhesabu kila herufi. A itapata bei gani? K je? Na Q na X, mutazitia wapi? Nyuma, ulizeni wazee nyumbani: ni nyama gani wengine wa pori wako na jina katika luga yenu, na sisi vijana hatulijui tena?