HERUFI ZA MASHINI YA MCHEZO: ZINATOKA WAPI, ZINABADILISHWA NAMNA GANI?



Wengi wetu tunajua mashini ndogo ya mchezo, ile ya kushika mkononi. Tunaangalia picha zinazokimbia, lakini maandiko yake hatuyaangalii. Leo tujifunze juu ya hayo maandiko.

1. Herufi ni nini ndani ya mashini?

Mashini haijui kusoma. Kwake herufi ni vitu viwili: namba na picha. Namba ya A ni 65. Programu ikitaja 65, mashini inakwenda kwenye orodha ya picha, inachukua ile ya A na kuichora kwenye ekrani. Hiyo orodha njo inaitwa fonti.

Tuchukue Game Boy, ambayo Nintendo iliitoa mwaka 1989. Ekrani yake ina nukta 160 kwa upana na 144 kwa kimo, na imegawanywa katika miraba ya nukta 8 kwa 8. Mraba mmoja ukibeba herufi moja, ekrani nzima inapata mistari 18 ya herufi 20. Tazameni hapa herufi ɔ:

. . . . . . . .
. . . . . . . .
. X X X X . . .
. . . . . X . .
. . . . . X . .
. . . . . X . .
. X X X X . . .
. . . . . . . .

Mtu yeyote mwenye kaye ya miraba anaweza kuchora fonti. Hapana kuogopa.

2. Kubadilisha fonti katika PSP

PSP ya Sony ilitoka Japani mwaka 2004, kisha Marekani na Ulaya mwaka 2005. Fonti zake zinakaa katika kumbukumbu ya mfumo, flash0, ndani ya folda font. Faili ltn0.pgf ina herufi za Kilatini, jpn0.pgf za Kijapani, kr0.pgf za Kikorea. Kazi inafuata njia hii:

a) Programu ya mfumo ya Sony hairuhusu mtu kuandika ndani ya flash0. Inahitajika ile iliyobadilishwa.
b) Kwanza tunafanya kopi ya faili ya zamani: moja kwenye kadi, nyingine kwenye kompyuta.
c) Faili mpya iwe ya aina ya PGF, ichukue jina lile lile, wala isipite nafasi iliyopo.
d) Batri ijae kabisa. Kwetu umeme unakatika bila kupiga hodi. Waya peke yake hautoshi. Kazi ikikatwa katikati, mashini inaweza kukataa kuwaka, na hapo imebaki tofali tu.

3. Je, ni urembo tu?

Hapana. Fonti nyingi za urembo zimechorwa kwa herufi za Kiingereza tu. Ukiweka moja ya hizo, é na ç za Kifaransa zinaweza kupotea: panabaki kijiraba kitupu ao nafasi wazi. Kiswahili hakina shida, kwa maana hakitumii alama juu ya herufi. Lakini Kilingala je? Kwa maandishi kamili, moto ni mtu, na mɔtɔ ni moto wa kuwaka. Namba ya ɔ ni 596. Fonti isiyo na picha ya 596 inatulazimisha kuandika o, na hapo mtu na moto wamekuwa neno moja!

Mashini ya kupigia stensili yenye herufi za Kifaransa ina shida ile ile. Mpigaji anaacha nafasi, kisha anachora ɔ kwa kalamu ya chuma. Ndani ya fonti vilevile, herufi isiyochorwa na mtu haiwezi kutokea yenyewe. Njo sababu, mbele ya kusifu fonti mpya, tuijaribu kwanza kwa maneno ya lugha zetu zote. Kama herufi inakosekana, tujue kwamba inaweza kuchorwa.

MAZOEZI

1. Chora ɛ katika miraba 8 kwa 8. Namba yake ni 603.
2. Hesabu X katika ɔ ya hapo juu.
3. Kwa nini kopi ya faili ya zamani inafanywa mbele, si nyuma?

Leteni majibu kwa viongozi wa madarasa. ɛ iliyo safi kuliko zote tutaichora katika toleo linalofuata.