JUA HAKI YAKO: Namna ya Kusoma Bei ya Chumba cha Hoteli

Mkazi anayempeleka mgonjwa Nairobi, au anayekwenda Mombasa na watoto mwezi wa Disemba, huambiwa chumba ni Sh5,000 kwa usiku. Siku ya kuondoka, bili inazidi alichopanga. Kwa nini?

Huenda bei aliyotajiwa haikujumlisha ushuru wa VAT wa asilimia 16 na ada ya utalii ya asilimia 2. Tupige hesabu:

Chumba: Sh5,000
VAT: Sh800
Ada ya utalii: Sh100
Jumla: Sh5,900

Ukilala siku tatu utalipa Sh17,700, si Sh15,000. Hiyo Sh2,700 ya ziada huenda ndiyo iliyokuwa nauli ya kurudi nyumbani.

Kabla ya kutuma pesa, uliza:

1. Je, bei hii ina ushuru wote?
2. Ni bei ya chumba au ya kila mtu?
3. Kiamshakinywa kimo?
4. Nikiahirisha safari, nitarudishiwa pesa?

Kumbuka: nyumba ya wageni ambayo haijasajiliwa kwa VAT hairuhusiwi kukutoza VAT. Wakati wa Pasaka, Disemba na likizo za shule bei hupanda, kwa hivyo uliza mapema. Daima dai risiti.