Njia ya Mwanafunzi wa Saikolojia Kuelekea Utafiti wa Ubongo: Mafunzo kwa Mwalimu wa Shule ya Msingi

Utangulizi

Somo la saikolojia vyuoni hufundishwa mara nyingi kama orodha ya majina na nadharia za kukaririwa kwa ajili ya mtihani. Mwanachuo huweza kutaja hatua za makuzi ya mtoto pasipo kusita, lakini asimamapo mbele ya darasa lenye watoto hamsini hushindwa kueleza kwa nini mmoja ameelewa na mwingine hakuelewa. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwamba saikolojia ni kazi ya kuuliza na kupima kabla ya kuwa somo la kukariri. Tutafuata njia aliyoipita mwanafunzi mmoja, Brenda Milner, tangu alipoingia chuo kikuu hadi akahesabiwa miongoni mwa waanzilishi wa sayansi ya utambuzi na ubongo, yaani elimu inayochunguza jinsi ubongo unavyotuwezesha kufikiri, kukumbuka, kusema na kujifunza. Kisha tutatazama njia hiyo inamfaa nini mwalimu ambaye vifaa vyake ni ubao, chaki na daftari.

Hatua za Njia Yenyewe

Milner alizaliwa mwaka 1918 katika mji wa Manchester, Uingereza. Mwaka 1936 alipata nafasi ya kusoma hisabati katika Chuo Kikuu cha Cambridge. Muda si muda alitambua kwamba hisabati isingekuwa kazi yake ya maisha, akahamia saikolojia, na mwaka 1939 akahitimu. Mmoja wa waliomwongoza hapo, Oliver Zangwill, alikuwa akiwachunguza watu walioumia ubongo. Kwake mwanafunzi huyu alijifunza kanuni moja muhimu: kitu kinapoharibika, namna kinavyoharibika hutufunulia jinsi kilivyokuwa kikifanya kazi kilipokuwa kizima.

Vita Kuu ya Pili ilipozuka, wanasaikolojia wengi wa Cambridge walipewa kazi za kijeshi. Milner alishiriki kutunga majaribio ya kuwachagua marubani. Kazi hiyo haikuhusu ubongo moja kwa moja, lakini ilimzoeza jambo ambalo kila mtafiti hulihitaji, nalo ni kutunga jaribio linalopima uwezo mmoja bila kuuchanganya na mwingine.

Mwaka 1944 alihamia Kanada, akafundisha saikolojia kwa lugha ya Kifaransa katika Chuo Kikuu cha Montréal. Huku akifundisha, alihudhuria semina za Donald Hebb katika Chuo Kikuu cha McGill. Hebb alishikilia kwamba tabia na fikra za mtu haziwezi kuelezwa vizuri pasipo kuutazama ubongo, na mwaka 1949 alichapisha kitabu juu ya suala hilo. Mwaka 1950 Hebb alimpatia Milner fursa ya kuwachunguza wagonjwa wa kifafa waliokuwa wakipasuliwa na daktari Wilder Penfield mjini humo. Miaka miwili baadaye, mwaka 1952, Milner alipata shahada ya udaktari.

Wanachuo wazingatie kwamba tangu alipohitimu Cambridge hadi alipopata shahada hiyo ilipita miaka kumi na mitatu. Haikuwa njia iliyonyooka. Hata hivyo, hisabati ilimfundisha kuhesabu kwa usahihi, kazi ya wakati wa vita ikamfundisha kutunga majaribio, na ualimu ukamfundisha kueleza.

Mgonjwa Aliyefundisha Ulimwengu

Baadhi ya wagonjwa wa Penfield walipoteza uwezo wa kukumbuka baada ya kupasuliwa, na yeye na Milner walitoa taarifa juu yao. Daktari William Scoville wa Hartford, Marekani, alipoisoma taarifa hiyo alitambua kwamba naye alikuwa na mgonjwa wa namna hiyo, akamwalika Milner aje kumchunguza.

Mgonjwa huyo kwa miaka mingi alijulikana kwa herufi H.M. tu. Jina lake, Henry Molaison, lilitangazwa alipofariki mwaka 2008. Alikuwa akisumbuliwa na kifafa kikali ambacho dawa hazikukituliza. Mwaka 1953, akiwa na umri wa miaka 27, Scoville alimpasua na kuondoa sehemu za ndani za ubongo, kushoto na kulia, pamoja na sehemu kubwa ya kiungo kiitwacho hipokampasi. Kifafa kilipungua, lakini tangu siku hiyo hakuweza tena kuweka kumbukumbu mpya za mambo yaliyompata. Aliongea na mtu, mtu akatoka na kurudi, naye akamsalimu kama mgeni.

Milner alipompima mwaka 1955 alikuta jambo la kushangaza. Akili ya mgonjwa haikupungua: katika kipimo cha akili alipata 112, alama iliyo juu kidogo ya wastani. Alipopewa namba 584 aikumbuke, aliishikilia kwa muda wa dakika kumi na tano kwa kuirudiarudia na kuichambua kichwani. Mara alipoelekezwa kwenye jambo lingine, namba ikapotea, na hata kule kupewa namba hakukukumbuka.

Mtu mwingine angeandika kwamba mgonjwa huyu hawezi kujifunza, akafunga daftari. Milner alijiuliza swali zaidi: hawezi kujifunza jambo gani? Akamwekea karatasi yenye nyota iliyochorwa kwa mistari miwili, akamtaka apitishe penseli katikati ya mistari hiyo huku akiutazama mkono wake katika kioo tu. Kazi hii humtatiza kila mtu mwanzoni, kwa sababu kioo hugeuza mwelekeo. Mgonjwa aliirudia kwa siku tatu. Makosa yakapungua siku hadi siku, na siku ya tatu akachora vizuri, ingawa hakukumbuka kabisa kwamba amewahi kuifanya kazi hiyo.

Kwa penseli, karatasi na kioo ilithibitika kwamba kumbukumbu si kitu kimoja. Kukumbuka habari na matukio hutegemea sehemu zile zilizoondolewa, lakini stadi ya mkono hujengwa kwa njia nyingine. Makala ya Scoville na Milner juu ya upotevu huo wa kumbukumbu yalichapishwa mwaka 1957, na matokeo ya nyota mwaka 1962. Mitambo ya kupiga picha za ubongo ukiwa kazini imeenea baadaye sana, nayo haikuondoa haja ya swali lililotungwa vizuri. Mwaka 2014 Milner alikuwa mmoja wa watu watatu waliopewa Tuzo ya Kavli ya sayansi ya ubongo.

Mafunzo kwa Mwalimu

Tuchukue mfano wa hesabu ya kutoa: 52 − 27. Mtoto wa kwanza ameandika 35. Ukimwuliza kanuni, anaitaja yote: «Mamoja yasipotosha, kopa kumi moja kutoka kwenye makumi.» Mtoto wa pili ameandika 25, lakini ukimwuliza amefanyaje, hunyamaza. Mwalimu anayepima kwa maneno tu atamsifu wa kwanza na kumwita wa pili mjinga. Anayesahihisha daftari tu atafanya kinyume chake. Wote wawili watakuwa wamepima nusu ya mtoto.

Dawa zao ni tofauti. Wa kwanza anahitaji kutenda: apewe vijiti, afungue fungu la kumi kwa mikono yake, kisha afanye mazoezi mengi. Wa pili anahitaji kusaidiwa kupata maneno ya jambo ambalo mkono wake unalijua tayari. Mtoto akikosa, kwa hiyo, tusiulize kama ana akili au hana. Tuulize: ameshindwa kipi, na ameweza kipi?

Hapa inafaa tahadhari. Mwalimu si daktari, na mtoto anayesahau jedwali la kuzidisha si mgonjwa wa ubongo. Huenda ana njaa, haoni ubao, au hakufundishwa vizuri. Mtoto mwenye kifafa apelekwe kwenye kituo cha afya, wala asifichwe nyumbani wala kutengwa darasani. Tunachokichukua kwa Milner ni adabu yake ya kuchunguza: alimpima mtu yule yule kwa njia zaidi ya moja, akaandika alichokiona, na hakuhukumu kabla ya kupima.

Zoezi kwa Wanachuo

1. Chora nyota kwa mistari miwili yenye nafasi ndogo katikati. Simamisha kioo mbele ya karatasi, na ukingie mkono kwa kadibodi ili mchoraji auone katika kioo tu. Kila mwanachuo achore mara tano leo na mara tano kesho. Mwenzake ahesabu kila mara penseli inapovuka mstari, na kuandika idadi hiyo kwenye jedwali.

2. Baada ya siku ya pili, kila mchoraji aandike maelezo ya kumfundisha mtu mwingine kazi hiyo. Je, waliochora vizuri zaidi ndio walioeleza vizuri zaidi? Jadilini.

3. Wakati wa mazoezi ya kufundisha, chagua mtoto mmoja ambaye walimu husema kwamba hawezi. Kwa muda wa wiki mbili andika kila siku jambo moja aliloshindwa na jambo moja aliloweza. Mwishoni tunga jaribio moja fupi linalotenganisha kujua kwa maneno na kujua kwa vitendo, kisha upange somo lako kulingana na majibu yake.

Hitimisho

Si kila mwanachuo atakuwa mtafiti wa ubongo, wala haihitajiki iwe hivyo. Lakini kila mwalimu hukabidhiwa akili za watoto, na neno lake juu ya mtoto huweza kumfuata hadi utu uzima. Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Basi kabla ya kuandika «hawezi» katika ripoti ya mtoto, na tumpime tena kwa njia nyingine.